Kiwanja cha Mechi, Bustani ya Kila Siku: Mwongozo Kamili kwa Anayejenga au Kukarabati

Ligi Kuu ya Tanzania Bara ina timu 16, kwa hiyo kila timu inacheza nyumbani mara 15 tu kwa msimu. Ongeza mechi za kombe na za kirafiki, tamasha la muziki, mkutano wa hadhara na swala ya Idi: bado hufiki siku 40. Siku zote zinazobaki geti lina kufuli. Watoto wa jirani wanacheza mpira barabarani wakikwepa bodaboda, na nyuma ya ukuta kuna ekari kadhaa zimelala. Kazi yangu ni kusanifu viwanja vya miji, na jambo hili halijaacha kunichoma.

Nawaandikia kamati ya mtaa, mhandisi wa halmashauri, kiongozi wa klabu, na mwalimu mkuu mwenye uwanja wa shule. Nachukulia una ekari sita hadi kumi, maana mijini ndizo zinazopatikana. Mwenye eneo kubwa zaidi atafuata hatua hizi hizi. Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa fainali za AFCON 2027, na viwanja vinajengwa na kukarabatiwa kwa kasi. Ni vizuri maswali haya yaulizwe kabla zege halijamwagwa.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya jembe

Nenda ofisi ya mipango miji, uombe kuona mchoro wa eneo lako. Hakikisha limeandikwa eneo la wazi au la michezo, mipaka imepimwa, na mawe ya mipaka yapo ardhini na si kwenye karatasi tu. Maeneo ya wazi yanavamiwa polepole: leo gereji, kesho kibanda, mwakani nyumba ya ghorofa. Usitumie hata shilingi moja kwenye nyasi kabla hujamaliza hili.

Hatua ya 2: Shinda uwanjani siku nzima

Chukua daftari, fika saa kumi na mbili asubuhi siku ya Jumanne, ondoka saa moja usiku. Rudia Jumamosi. Kila saa andika nani yupo, amekaa wapi, anafanya nini, ametokea upande gani. Chora vijia vyote ambavyo miguu ya watu imevikata kwenye majani. Vijia hivyo ndivyo njia zako za baadaye, na ukiweka ukuta au maua katikati yake, watu watavunja ukuta na kukanyaga maua.

Katika kiwanja kimoja nilichopewa nikarabati, asubuhi ilikuwa ya vikundi vya joging na kina mama wanaokatiza kwenda sokoni. Saa sita mchana kiwanja kizima kilikuwa kitupu, isipokuwa mwarobaini mmoja: chini yake walikuwapo bodaboda wanane, muuza kahawa, na mafundi wawili wamelala. Mti mmoja, watu kumi na mmoja. Kuanzia saa kumi jioni vijana walijaa, lakini wasichana walikuwa wanne tu, wamesimama pembeni wameshika mpira wa netiboli, hawana pa kuuchezea.

Jioni nikamkuta mzee mmoja ameketi kwenye tofali karibu na goli la chini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unapima nini tangu asubuhi?"

Nilipomweleza, alinyanyuka na fimbo yake akanipeleka mpaka kona ya kusini. "Hapa maji yanalala siku tatu kila masika. Wamekuja wapimaji mara mbili, hakuna aliyeniuliza." Kona ile ndiyo iliyoamua mchoro wangu wote. Kwa hiyo katika daftari lako weka ukurasa wa wazee. Waulize maji yanatoka wapi, yanakwenda wapi, na mwaka wa mvua kubwa yalifika kimo gani.

Hatua ya 3: Chora mara tatu

Kosa ninaloliona mara nyingi ni mchoro mmoja unaoonyesha siku ya fainali. Wewe chora eneo hilohilo mara tatu: Jumanne asubuhi, Jumamosi ya mechi, na siku ya mvua ya masika. Tumia karatasi zinazopitisha mwanga, uzilaze moja juu ya nyingine. Kitu chenye kazi katika mchoro mmoja tu kitilie shaka. Chenye kazi katika yote mitatu ndicho cha kulipia kwanza. Ngazi pana za udongo, kwa mfano, ni jukwaa la Jumamosi, ni mahali pa kukaa na kula Jumanne, na ni kingo za bwawa la muda wakati wa mvua.

Hatua ya 4: Amua uzio unazunguka nini

Hapa ndipo unapochagua kati ya bustani na gereza la nyasi. Kanuni yangu ni hii: uzio uzunguke kitu kidogo kabisa kinachohitaji kulindwa. Mara nyingi hicho ni eneo la kuchezea na vyumba vya wachezaji. Sehemu nyingine zote ziwe wazi, mtu aingie kutoka pande zote nne.

Waliofanya hivi vizuri kuliko wengi ni watu wa Munich, Ujerumani. Kwa ajili ya Olimpiki ya 1972 walichukua uwanja wa ndege wa zamani wa Oberwiesenfeld pamoja na kilima cha vifusi vya nyumba zilizobomolewa kwa mabomu katika Vita vya Pili. Msanifu wa mandhari Günther Grzimek hakukiondoa kilima. Alikipanda nyasi na miti, akaweka ziwa chini yake. Uwanja mkuu, uliosanifiwa na Günter Behnisch na wenzake, ulizamishwa ardhini kwa sehemu kubwa, hivyo ukitembea bustanini hukutani na ukuta mrefu wa zege. Paa lake linaning'inia kama hema juu ya vilima. Grzimek alitaka nyasi zikanyagwe na watu wajisikie wenye mahali pao.

Mwaka 2005 Bayern walihamia uwanja mwingine. Kwingine kuhama kwa klabu kubwa kungekuwa msiba wa uwanja, lakini pale watu waliendelea kukimbia, kuteleza kwenye theluji, na kuketi kilimani jioni za matamasha wakisikiliza muziki kutoka mbali. Mwaka 2022, miaka 50 baada ya Olimpiki, mashindano ya Ulaya ya michezo kadhaa yalifanyika katika bustani hiyohiyo.

Kwa kiwango chetu: eneo la kuchezea lizungushie wavu wa chuma wenye kimo cha mita moja na nusu au mbili, unaoonekana ndani. Nyuma ya magoli upandishe hadi mita tano au sita kuzuia mipira. Weka mageti mapana yanayofunguka kwa nje, yasiyopungua mawili katika pande tofauti, na mlinzi mwenye funguo awepo getini muda wote watu wakiwa ndani. Acha njia ya upana wa mita nne kwa gari la wagonjwa na la zimamoto, na usimruhusu mtu yeyote kuweka meza juu yake, hata kwa dakika tano.

Hatua ya 5: Maji, ambayo ni nusu ya kazi yote

Kiwanja cha soka cha mita 105 kwa 68 kina mita za mraba 7,140. Mvua ya milimita 50, ambayo masika huleta kwa alasiri moja, inakimwagia lita 357,000. Hesabu hiyo iandike ukutani.

Anza na umbo la ardhi. Elekeza kiwanja kaskazini-kusini ili jua la jioni lisimpige golikipa machoni. Katikati pawe juu kuliko kingo kwa mteremko wa asilimia moja: kutoka katikati ya upana hadi pembeni ni mita 34, kwa hiyo tofauti ni sentimita 34. Macho hayaioni, maji yanaiona. Kando ya mistari mirefu chimba mtaro wa upana wa sentimita 40 na kina cha 60, uutandike kitambaa cha kuchujia, ulaze bomba lenye matundu la milimita 100, ujaze kokoto. Usiujaze udongo juu kwa sababu eti unapendeza zaidi. Ukishaziba, umekwisha.

Sasa maji yaende wapi? Wengi wanayapeleka barabarani, yaani kwenye nyumba za watu wa bondeni. Huko Rotterdam, Uholanzi, kuna uwanja wa mjini uitwao Benthemplein, uliofunguliwa 2013, ambao kiwanja chake cha michezo kimechimbwa chini ya usawa wa ardhi na kuzungukwa na ngazi. Siku za kiangazi vijana wanacheza na wengine wanaketi ngazini. Mvua kubwa ikija, mabeseni yake matatu yanashika takriban lita milioni 1.7, kisha maji yanaachiwa taratibu.

Hili linawezekana hapa kwetu kwa mkandarasi wa kawaida. Kiwanja cha mpira wa kikapu ni mita 28 kwa 15. Ongeza mita mbili kila upande: 32 kwa 19, yaani mita za mraba 608. Kishushe sentimita 60, kitashika lita 364,000 na ushei. Mvua yote ya kiwanja cha soka imepata pa kulala, na sehemu yake itanywewa na udongo. Masharti yake ni haya:

- Maji ya mvua tu yaingie. Ya sokoni, ya gereji na ya vyoo marufuku.
- Kabla ya kuingia, yapite kwenye shimo la kutulizia mchanga, linalofikika kwa koleo.
- Bomba la kutolea liwe na wavu, na lipimwe ili beseni likauke ndani ya siku mbili. Mbu anahitaji muda mrefu zaidi ya huo kukua.
- Kina kisizidi sentimita 60, kuwe na njia ya mteremko ya kutokea, na kibao cha kuwaonya wazazi.

Upande wa pili wa maji ni kiangazi. Nyasi zikihitaji milimita tano kwa siku, kiwanja kizima kinakunywa lita 35,700 kila siku, karibu maboza manne ya lita 10,000. Ukisikia mtu anakuahidi kijani kibichi mwaka mzima, muulize maji hayo atayatoa wapi na atayalipia nani. Cape Town walijiuliza. Bustani ya Green Point, iliyofunguliwa 2011 kando ya uwanja uliojengwa kwa Kombe la Dunia la 2010, inamwagiliwa kwa maji ya chemchemi za Oranjezicht zinazotoka kwenye miteremko ya Table Mountain, hivyo haitegemei maji ya kunywa ya jiji.

Kama huna chemchemi, panda ukoka. Unavumilia kukanyagwa, ukikosa maji unageuka rangi ya majani makavu, na mvua ikirudi unachipua. Mwagilia mara mbili kwa wiki kwa wingi badala ya kidogokidogo kila siku, mizizi iende chini. Pwani, pima chumvi ya kisima kabla ya kununua pampu. Maji yakiwa na chumvi nyingi, tafuta nyasi za paspalamu ya ufukweni, zinazovumilia chumvi.

Hatua ya 6: Viti vichache, udongo mwingi

Kwa Olimpiki ya 2012, London ilijenga bwawa la kuogelea lililochukua watu 17,500. Mabawa mawili makubwa ya viti yalikuwa ya muda. Mashindano yalipokwisha yaling'olewa, vikabaki viti chini ya 3,000, pande zikawekwa vioo, na leo watoto wa shule wanajifunza kuogelea humo. Bustani nzima ya Olimpiki inayolizunguka bwawa hilo ilifunguliwa kikamilifu 2014. Viti vya umati mkubwa vikodiwe, vije na viondoke. Jenga vya kudumu kwa ajili ya mechi ya kawaida ya Jumapili.

Kwa kiwanja cha mtaa, udongo uliochimba kwenye beseni la kikapu, pamoja na wa kuongezea, urundike upande wa magharibi wa kiwanja utengeneze ngazi. Ngazi sita, kila moja kimo cha sentimita 40 na upana wa 90, zina kimo cha mita 2.4 na kina cha mita 5.4 tu. Zikiwa na urefu wa mita 60, na kila mtu akipewa nusu mita, wanakaa watu 720. Upande wa magharibi ni kwa sababu jioni jua litakuwa mgongoni mwa watazamaji. Kingo ziwe za mawe au matofali, juu nyasi. Acha njia ya kupandia kila baada ya mita 15, na nafasi tambarare chini kabisa kwa watu wa viti vya magurudumu, si kwenye kona ambako hawaoni goli. Mgongo wa tuta uulaze kwa mteremko usiozidi mita moja kwenda juu kwa kila mita tatu, uweze kufyekwa. Watoto wataubingirikia, na ni haki yao.

Hatua ya 7: Kivuli

Nilishirikishwa kuchelewa katika mradi mmoja ambapo mteja alikwisha kuweka mabenchi 40 ya zege yaliyopakwa rangi nzuri, hakuna mti hata mmoja. Saa nane mchana niliweka kiganja juu ya benchi nikakitoa haraka. Watu walikuwa wamekaa chini, kwenye ukanda mwembamba wa kivuli cha ukuta wa choo, wakiyatazama mabenchi yale. Tangu siku hiyo nahesabu kivuli kwanza, viti baadaye.

Usikate mti mkubwa uliopo hata ukikulazimu kusogeza kiwanja mita kumi. Mwarobaini unakua upesi na unavumilia ukame. Mkwaju unachelewa lakini wajukuu watakushukuru. Mkungu una matawi mapana ya ngazi, ila majani yake makubwa yanahitaji mfagiaji. Mivinje ipande pwani kukinga upepo. Miti yote ikae mita nane hadi kumi kutoka ukingo wa nyasi za mechi, na mifikusi iwe mbali na mabomba. Chini ya vivuli, ambako ukoka hufa, panda nyasi za Pemba. Pogoa matawi ya chini mpaka kimo cha mita mbili, na vichaka visipite kiunoni, ili mwanamke anayepita saa moja usiku aone mbele yake na aonekane.

Hatua ya 8: Njia, taa, vyoo

Tengeneza njia ya kuzunguka yenye mita 500 kamili, maana mizunguko kumi ni kilomita tano na watu wa joging watakuombea dua. Upana mita tatu, moramu iliyoshindiliwa vizuri, isiwe vigae vinavyoteleza. Mteremko usizidi mita moja kwa ishirini.

Taa ziwe na nyaya mbili tofauti: za njia ziwake kila usiku, za kiwanja ziwake kunapochezwa tu. Mahali ambapo swichi ni moja, bili inapokuwa kubwa giza linakuwa la wote.

Vyoo viwe na milango ya pande mbili, mmoja kwa kiwanja siku ya mechi, mwingine kwa bustani kila siku, na mtunzaji anayelipwa mshahara. Choo kikifungwa, kina mama na watoto ndio wa kwanza kuacha kuja.

Kiwanja cha netiboli, mita 30.5 kwa 15.25, kiweke karibu na geti kuu penye watu na taa. Nimeona kikitupwa nyuma ya matangi ya maji mara nyingi mno, halafu watu wanasema wasichana hawapendi michezo.

Hatua ya 9: Wauzaji na magari

Mama lishe, muuza madafu na muuza miwa ndio macho ya bustani. Wakiwepo, watu wanakaa, na watu wakikaa usalama unakuja. Forodhani, Zanzibar, bustani ilipokarabatiwa na kufunguliwa tena 2009, wauza vyakula vya usiku waliendelea kuwa moyo wa mahali pale. Wapangie sehemu kandokando ya njia kuu, yenye sakafu, bomba la maji, mapipa ya taka na umeme, na kodi wanayoimudu. Kodi hiyo iingie kwenye akaunti ya kiwanja, isipotelee kwenye mfuko mkuu.

Magari ndiyo yanayokula ardhi. Gari moja, pamoja na nafasi ya kugeuzia, linahitaji mita za mraba 25 hivi. Magari 100 ni mita 2,500, zaidi ya theluthi ya kiwanja cha soka. Weka nafasi za wagonjwa, walemavu, timu na bodaboda, mengine yaegeshwe nje kwa makubaliano na shule au kanisa la jirani. Sehemu hiyo ndogo ipande miti, na siku zisizo na mechi iwe gulio au mahali pa watoto kujifunza baiskeli.

Hatua ya 10: Ratiba, pumziko na miaka mitatu ya mwanzo

Nyasi za kawaida haziwezi kubeba zaidi ya saa 20 hivi za mchezo kwa wiki bila kugeuka vumbi. Kwa hiyo tengeneza pia kiwanja kidogo cha mchanga au moramu, mita 40 kwa 20, kibebe mazoezi ya kila siku. Magoli ya mazoezi yawe ya kuhamishika, yasogezwe kila wiki ili mlango wa goli usichimbike, na kila yanaposimamishwa yafungwe ardhini kwa vigingi. Goli lisilofungwa likimwangukia mtoto linaua.

Kamati iwe na watu wa timu, wauzaji, shule, wazee na wasichana wanaocheza. Ratiba ibandikwe getini kwa herufi kubwa, na saa za netiboli na za watoto zisifutwe kwa ajili ya timu yoyote. Gharama ya mfyekaji, mlinzi, mtunza vyoo na maji ya mwaka mzima iandikwe kabla ujenzi haujaanza. Kama haipatikani, punguza ujenzi.

Mche mmoja unahitaji ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki katika kiangazi cha miaka yake mitatu ya kwanza, na kizuizi cha mbuzi. Mgawie kila darasa la shule jirani miche yake. Ukoka upandwe masika yanapoanza, ufungiwe miezi mitatu. Ili watu wasikose pa kwenda, kiwanja cha moramu, njia na vivuli vifunguliwe kwanza.

Mvua kubwa ya kwanza ikinyesha, vaa gambuti, chukua daftari lilelile, nenda kwenye kona uliyoonyeshwa na mzee. Rudi tena kesho yake. Ukikuta maji bado yamelala, mwite mkandarasi siku hiyohiyo, kabla hujamlipa sehemu ya mwisho ya fedha zake.